Usijaze behewa mpaka ukingoni

Behewa la kwanza la treni yangu ndogo ya mfano nililolipakia madini nililijaza kama kopo la unga la mama wa sokoni: mpaka ukingoni, na matabisi (nyongeza ya bure) juu yake. Nikampelekea baba alione. Alifanya kazi relini tangu ujana mpaka pensheni, na kusifu si desturi yake. Alikigeuza kile kibehewa kwenye mwanga wa dirisha, kisha akasema: “Mwana, hii vago haitafika ku Likasi. Resori zitavunjika.” Alimaanisha springi zilizo chini ya behewa.

Nilicheka, halafu nikaenda kupiga hesabu. Meta moja ya ujazo ya makaa ya mawe yaliyomwagwa haifiki tani moja. Makinikia ya shaba, yaani madini yaliyosagwa na kuchujwa, ujazo uleule, hufika tani mbili hivi. Behewa lina kikomo cha uzito, basi makaa yanalijaza mpaka juu, lakini makinikia yanafikisha kikomo kukiwa bado na nafasi kubwa tupu. Mara nyingi mzigo mzito namna hiyo hukaa chungu mbili, moja juu ya magurudumu ya mbele na nyingine juu ya yale ya nyuma, katikati kukiwa na bonde. Tangu siku ile, kabla sijashika gundi najiuliza: huu mzigo ungekuwa wa kweli, ungekuwa na uzito gani?

Magari yangu ni ya kipimo cha 1:87, yaani madogo mara 87 kuliko ya kweli, sanduku kuukuu alilonitumia mjomba kutoka Ubelgiji. (Anayetaka ugomvi aniambie kwamba reli yetu ya Kongo, yenye upana wa milimeta 1067, ingetakiwa kuwa na upana wa milimeta 12 tu kwa kipimo hicho, na yangu ina 16.5. Najua. Mjomba hakuniuliza.)

Tumbo la mzigo usilijaze mchanga. Injini ndogo itachoka, na kwenye kona behewa litalala. Kata kipande cha povu gumu jeupe la plastiki, lile linalokuja ndani ya katoni za televisheni, kiingie ndani ya behewa bila kubana, kichonge mabonde na vilima, kisha kipake rangi ya mzigo wenyewe ili mwanya wowote utakaobaki usionekane mweupe. Mimi mwanzoni nilitumia kadibodi. Ilipolowa gundi ikajikunja kama chapati iliyoungua, ikatoka nje ya behewa yenyewe.

Sasa chembe, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Jiwe la sentimeta 10 kwa kipimo chetu ni milimeta moja na kidogo. Kwa hiyo kokoto unazoziona ndogo kwenye kiganja, ndani ya behewa ni majabali ambayo hakuna mtu angeweza kuyapakia. Nina machujio matatu: wavu wa dirisha wa kuzuia mbu, chujio la chai, na soksi ndefu ya mwanamke. Kinachobaki juu ya wavu natupa. Kinachobaki kwenye chujio ni mawe. Kinachopita soksi ni makinikia.

Kwa makaa ya mawe watu wanasaga makala ya kupikia, yale ya miti (siyo makala haya unayoyasoma). Rangi inafaa ukiwa mbali, lakini makala hayana ule mng’ao wa makaa ya mawe, na ni mepesi mno: tone la gundi likianguka, yanaelea na kukimbilia pembeni. Yachanganye nusu kwa nusu na mchanga mweusi uliochujwa, kisha mwishoni pitisha juu ya ncha tu brashi yenye vanishi kidogo.

Mchanga wowote, hasa ule mweusi unaong’aa, upitishie kwanza sumaku iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki. Utashangaa kinachonata. Chembe hizo zikidondoka relini, mota ya injini inazivuta ndani na kuzisaga pamoja na maisha yake. Mimi nimezika mota moja hivyo.

Malakiti nilijaribu pia, nani wa Lubumbashi hajajaribu? Nilinunua vipande vilivyobaki kwa mchongaji wa shanga, nikavitwanga nyuma ya nyumba. Kumbe lile jiwe la kijani kibichi likisagwa linapauka, linakuwa kama chaki iliyopotea rangi, na vumbi lake nilikohoa jioni nzima. Usirudie. Vumbi la madini ya shaba si la kuvuta, na mawe ya Katanga mengine yana urani ndani yake. Hakuna sababu ya kuyatwangia jikoni. Mchanga wa mto uliopakwa rangi ya maji unaonekana malakiti kuliko malakiti.

Mahindi niliyaigiza kwa unga wa bukari (ugali). Ulipendeza siku nne. Siku ya tano sisimizi walipakua behewa lote, tena kwa foleni nzuri kuliko ya wapakuzi wa stesheni. Siku hizi natumia vumbi la msumeno lililotiwa njano. Njano ya rangi lakini, si bizari: behewa langu la salfa nililipaka bizari, jua la dirishani likalifanya jeupe kabla ya mwezi kuisha.

Kumwaga ni rahisi ukiacha mikono yako mbali. Kunja karatasi iwe kama faneli, mwaga taratibu mahali pamoja, kilima kitajipangia mteremko chenyewe. Kisha gonga ubavu wa behewa kwa penseli mara kumi hivi. Mzigo uliotoka mgodini Tenke hauji na ncha kali. Nyunyizia maji yenye tone la sabuni ya vyombo, ndipo udondoshe kole (gundi) nyeupe ya seremala, sehemu moja kwa maji sehemu tatu. Bila sabuni, tone linakaa juu kama shanga kisha linachimba shimo. Kiangazi inakauka usiku mmoja. Mwezi wa kwanza, mvua zikikolea, nipe siku tatu.

Chini ya ngozi ya mzigo zika washa ya chuma, kile kiduara chenye tundu kinachowekwa chini ya nati. Ukitaka behewa tupu, gusa kwa sumaku na uinue.

Wiki iliyopita nilimpelekea baba behewa jipya la makinikia: chungu mbili, bonde katikati. Alilitazama kwa muda mrefu nikajua leo nimefaulu. Akaniuliza: “Na bashi iko wapi? Mvua ikinyesha?”

Bashi ni turubai la kufunika mzigo. Basi sasa nachovya karatasi laini ya choo kwenye kole na rangi ya kijani iliyochakaa, naitandaza juu ya mzigo ikiwa mbichi ili ilale ndani ya bonde, na kamba nafanya kwa uzi wa kushonea.