Tunahama, hivi vitu nivipeleke wapi?

SWALI: Dada shikamoo. Mume wangu kapata uhamisho, tunatoka hapa Ilazo, Dodoma tunaenda Mtwara na fuso haibebi kila kitu. Nina kochi kubwa, kitanda cha mtoto, viroba vya nguo na friji iliyoacha kugandisha. Wifi yangu yuko Uingereza anasema kwao unapeleka tu kwenye duka la hisani, wanauza, hela inasaidia wenye shida. Huku kwetu lipo?
Mama Jack, Ilazo

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kule yapo mengi kweli, shirika la misaada la Oxfam walifungua la kwao Broad Street, Oxford tangu miaka ya 1940, na wauzaji wengi ni watu wanaojitolea tu. Ila wifi hajakwambia kwamba na wao wanachagua, kochi lisilo na lebo ya usalama wa moto unarudi nalo nyumbani.

Hapa Dodoma duka la hivyo usihangaike kulitafuta, kazi hiyo kwetu wanaifanya ndugu, majirani, jumuiya na msikiti. Na kabla hujaenda mbali, dada anayekusaidia kazi hapo ndani umeshamuuliza anataka nini? Mwache achague wa kwanza, sio mabaki.

Nguo mwaga zote sebuleni kagua moja moja, zipu, vifungo, kwapa, kola. Chupi na soksi zilizovaliwa usimpe mtu hata kama ni nzima, na zilizochakaa kata matambara ya kudekia. Masweta na mablanketi fua uyaweke juu kabisa maana ikifika Juni na Julai baridi yetu na ule upepo unaijua mwenyewe.

Kama unataka watoto yatima, Kijiji cha Matumaini kipo hapo Kisasa sio mbali na wewe, au muone afisa ustawi wa jamii akuelekeze kituo kingine. Ila piga simu kwanza uwaulize wanahitaji nini, usikodi kirikuu ukashusha mizigo getini halafu mnaanza kupiga picha na watoto, hiyo tabia mimi siipendi kabisa. Unaweza kukuta stoo imejaa nguo na wao wanalia na unga na sabuni.

Ndio maana kochi ningeliuza, tupia picha kwenye magrupu ya WhatsApp ya mtaani, hela itakayopatikana nunua hicho walichokutajia. Friji muuzie fundi kama spea na umwambie ukweli kwamba haigandishi, ukimpa mtu masikini umempa gharama tu.

Kitanda cha mtoto ndio kitagombaniwa. Kifungue vizuri, skrubu zote tia kwenye kimfuko ukifunge na selotepu hapo hapo kwenye ubao, zikipotea wamepokea kuni.