Dokta, mesothelioma ya baba ni aina gani hasa?

SWALI: Shikamoo dokta. Naandika kutoka Mombasa. Baba yangu ana miaka 74, alikuwa baharia, kashinda chini kwenye injini za meli karibu miaka 15 mpaka akaacha 1988. Kama mwaka na nusu uliopita akaanza kuhema akipanda ngazi tu, hospitali wakamtoa maji kifuani wakasema TB, kameza dawa miezi 6 na maji yakarudi vilevile. Sasa hospitali nyingine wamemkata kinyama na majibu yanasema mesothelioma, halafu pembeni epithelioidi. Kwenye grupu la familia WhatsApp ni vurugu tupu, kaka anasema ni kansa ya mapafu kwa sababu mzee alikuwa mvutaji, shangazi kasoma kwenye simu aina ziko nne, binamu anashikilia ni tatu. Nani mkweli?
Binti wa Baharia

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Shangazi na binamu wote wako sawa, ila kila mtu anahesabu kitu chake.

Mesothelioma ni kansa ya utando unaovisha viungo vya mwili, na Shangazi anahesabu mahali inapoanzia. Ukimenya yai la kuchemsha kuna kile kingozi cheupe chembamba kinachobaki kwenye ganda, basi mapafu nayo yamevishwa utando wa namna hiyo, na tumbo, na moyo, na hata korodani, ndio hizo nne zake. Ya kifuani ndiyo nyingi, zaidi ya robo tatu ya wagonjwa wote, ya tumbo inafuata kwa mbali, na hizo mbili zilizobaki ni adimu kiasi kwamba daktari anaweza kustaafu hajaziona. Kwa mzee ni ya kifua. Utando ukiugua unavuja, maji yanajaa kati ya pafu na mbavu, pafu linabanwa, ndio anahema. Kwa hiyo mwambie kaka kansa haikuanzia ndani ya pafu, imeanzia kwenye hilo vazi lake.

Binamu yeye anahesabu sura ya seli chini ya hadubini. Epithelioidi ni seli za mviringo mviringo zilizoshikana, sakomatoidi ni nyembamba ndefu zimelala kama dagaa kwenye sinia, na ya tatu ni mchanganyiko wa hizo mbili. Mzee basi ana vyote viwili kwa pamoja, ya kifua kwa mahali na epithelioidi kwa sura, hakuna ugomvi hapo.

Na sura ndiyo inayoamua mengi, mimi ningeanza kuisoma hiyo kabla ya kitu kingine. Epithelioidi ndiyo inayoonekana zaidi, inakwenda polepole kuliko wenzake na inasikia dawa kwa kiasi fulani, japo sikudanganyi, kuiponya kabisa ni shida. Kuna dawa za kemo, pemetreksedi na sisplatini, zinazotumika pamoja tangu 2004, na mwaka 2020 Marekani wakaruhusu nivolumabu na ipilimumabu za kuamsha kinga ya mwili kwa wale wasioweza kupasuliwa (bei yake bora nisiiseme). Sakomatoidi ni kaidi sana kwa kemo, ndiyo maana kwa wagonjwa wake hizo za kinga zimeleta tofauti kubwa zaidi. Jambo moja la kuuliza: kinyama walichokata kilikuwa kikubwa kiasi gani? Kikiwa kidogo kinaweza kuonyesha upande mmoja tu, kumbe penyewe ni mchanganyiko.

Sigara haileti mesothelioma, ingawa kwa kansa ya pafu lenyewe inaleta, tena ikikutana na asbesto (madini ya nyuzinyuzi yasiyoshika moto) ndio balaa. Hapa wa kulaumiwa ni asbesto. Meli za zamani mabomba ya moto na boila zilivishwa asbesto, fundi akibandua vumbi linapanda na yeye analivuta, na linakaa kimya miaka 20 mpaka 50. Mwaka 1960 daktari Wagner na wenzake walieleza wagonjwa 33 Afrika Kusini, karibu wote wa kule Northern Cape kwenye machimbo ya asbesto ya bluu, na wengine hawakuwahi kuchimba, waliishi tu jirani.

Hiyo TB usiwalaumu sana, kwetu maji kifuani mtu wa kwanza kufikiriwa ni TB. Lakini maji peke yake mara nyingi hayaonyeshi mesothelioma, lazima kinyama kikatwe na kipakwe rangi maalum maabara, na dawa ziliposhindwa wangefanya hivyo mapema.

Kliniki ijayo muulize daktari ugonjwa umefika hatua gani, maana hiyo ni hesabu nyingine kabisa, na mwombe akae na mzee aandike meli ambazo mzee alifanyia kazi na miaka yake. Na mama, kama ndiye aliyekuwa anamfulia ovaroli zenye vumbi hilo mzee akirudi likizo, naye akianza kuhema asiambiwe ni uzee, mpelekeni akapigwe eksirei na mseme wazi kuhusu zile nguo.