Herufi zilizo juu ya duka ndizo hutangulia kuondoka

Swali lenu la wiki hii: ni kitu gani cha zamani kinachopotea mjini bila kelele? Kwa Jinja, hapa Uganda, jibu langu ni majina na miaka iliyofinyangwa kwa lipu juu ya maduka ya Main Street. Tangu Waasia, waliojenga mengi ya maduka hayo, walipofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, mara nyingi mpita njia hana ushahidi mwingine wa aliyejenga na lini.

Tingatinga halilaumiwi sana hapa. Mharibifu ni ukarabati mdogo mdogo, hasa wa saruji. Lipu ya chokaa huruhusu unyevu unaopanda kutoka msingini utoke na kukauka. Ukiifunika kwa saruji, unyevu hunaswa ndani, chumvi hujikusanya, tofali husagika, kisha bamba zima hudondoka na herufi zake. Rangi ya mafuta huleta madhara hayohayo, ila taratibu.

Kabla ya kuchanganya chochote, fundi akwaruze ukuta kwa ufunguo mahali pasipoonekana. Ukitoka unga mweupe kwa urahisi, hiyo huenda ni chokaa, basi kiraka nacho kiwe cha chokaa: ndoo moja ya chokaa kwa tatu za mchanga mkali uliooshwa. Ukuta ulowanishwe kwanza. Kila tabaka lisizidi milimita 10, lifunikwe kwa magunia mabichi siku kadhaa. Likipigwa na jua mapema, litapasuka. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, maana mwenye nyumba anataka rangi kesho yake.

Herufi iliyokatika isibuniwe. Kama ipo nyingine kama hiyo iliyo nzima, inakiliwe kwenye karatasi, kisha kiolezo kikatwe kwa plaiwudi. Isipokuwepo, itegemewe picha iliyopigwa kabla ya kazi, rula ikiwa imeshikizwa kando ya maandishi. Picha isiyo na kipimo haimfai fundi.

Mabango ya biashara, ambayo siyapendi hata kidogo, yafungwe chini ya maandishi, skrubu ziingie kwenye maungio ya matofali. Ziwe zisizoshika kutu: chuma cha kawaida kikipata kutu hutanuka na kuipasua lipu kutoka ndani.

Pamoja na herufi, matundu ya hewa yenye nakshi juu ya milango nayo hupotea: huzibwa kiyoyozi kinapofungwa. Umeme ukikatika, chumba hujaa joto na dari huota ukungu.

Na katika makubaliano na fundi iandikwe waziwazi: tindo isiguse sehemu yenye maandishi.

Msomaji, Jinja