Jibu: 2,147,483,647 si namba ya uchawi

Ndugu wa Bukavu, umeuliza kwa nini jumla ya faranga kwenye programu ya depo yenu imegoma kwenye 2,147,483,647, na kama ni kweli namba hiyo haigawanyiki, kama fundi alivyokuambia. Huku Lubumbashi nashika hesabu za depo ya unga wa mahindi, na namba hiyohiyo ilishatukaa kooni: jumla iligeuka hasi, bosi akadhani tumeibiwa.

Kikomo hakina siri. Programu nyingi za zamani huipa kila namba biti 32, yaani vijinafasi 32 vya kuandikia 0 au 1. Biti moja hushika alama ya chanya au hasi, zinabaki 31, basi kubwa kuliko zote ni 2 kwa kipeo cha 31, toa 1. Mauzo ya mwaka kwa dola hayagusi hapo. Kwa faranga yanapita bila jasho.

Utasa wake, yaani kugawanyika kwa 1 na kwa yenyewe tu, ndio mtamu. Chukua karatasi uikate tatutatu kutoka kulia: 647 toa 483, jumlisha 147, toa 2. Unapata 309. Igawe 309 kwa 7, kwa 11, kwa 13: zote zinabakiza. Kwa hiyo namba yetu nayo haigawanyiki kwa hizo tatu, maana 7 × 11 × 13 ni 1001, yaani 1000 jumlisha 1, ndiyo sababu tunakata tatutatu tukitoa na kujumlisha kwa zamu. Lakini ukiendelea kujaribu moja moja hadi kipeuo chake cha pili, karibu 46,340, utazeeka hapo mezani.

Mwanahisabati Euler alimaliza kazi hiyo mwaka 1772, macho yake yakiwa karibu yamezima kabisa. Alijua kwamba kigawo chochote tasa cha namba hii lazima kibakize 1 kikigawanywa kwa 62, na kibakize 1 au 7 kikigawanywa kwa 8. Masharti hayo yanafagia karibu kila kitu. Namba tasa ya kwanza inayofaa kujaribiwa ni 311! Namba yetu ikigawanywa kwa hiyo inabakiza 35. Nyingine nazo zote zilishindwa.

Ila fundi wako asikudanganye kwamba kompyuta ilichagua namba hii kwa sababu ni tasa. Imetokea tu. Kikomo cha biti 16 ni 32,767, ambacho ni 7 × 31 × 151. Cha biti 64 ni 9,223,372,036,854,775,807, nacho kinagawanyika kwa 7, kwa kuwa kipeo chake, 63, kinagawanyika kwa 3. Hata kipeo kuwa tasa hakutoshi: 2 kwa kipeo cha 11, toa 1, ni 2047, yaani 23 × 89.

Mwambie abadilishe safu ya jumla iwe ya biti 64, na akiwa humo akague tarehe pia. Programu inayohesabu sekunde tangu 1 Januari 1970 kwa biti 32 itagonga namba hiyohiyo tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na moja na dakika 14 alfajiri kwa saa zetu.