Barua kwa mwanangu: mdogo wako alitia saini nini?

Mwanangu,

Umeuliza mdogo wako alitia saini kitu gani, maana kwenye picha umemwona na kofia ya chuo na kalamu, halafu mama yako akakwambia hakuna hata dola moja ya besiboli.

Ilikuwa fomu ya sherehe tu. Haimfungi yeye wala chuo. Chuo chake kiko Daraja la Tatu la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, na huko ni marufuku kumpa mwanafunzi fedha kwa sababu ya mchezo, hata arushe mpira kama risasi. Usidhani ni timu za mchangani: chuo cha Marietta, hapa hapa Ohio, wamebeba ubingwa wa daraja hilo mara 6. Na Harvard na wenzao wa Ivy League, lile kundi la vyuo vinane vyenye sifa kubwa, walio Daraja la Kwanza, nao hawatoi ufadhili wa michezo.

Hata kwenye vyuo vinavyotoa fedha za mchezo, watu hawashibi. Kwa miaka mingi timu ya besiboli ya Daraja la Kwanza iliruhusiwa ufadhili kamili 11.7 (hiyo nukta saba ni ya nani, sijui), ukigawanywa kwa wachezaji wasiozidi 27. Kikosi kilikuwa na watu hadi 35, kwa hiyo wapo waliovaa jezi bila kupata kitu. Tangu 2025, baada ya kesi ya House, ambayo wanamichezo waliishtaki NCAA, vyuo vilivyoingia kwenye mpango mpya vinaweza kuwafadhili wachezaji wote 34. Kuruhusiwa kutoa ni jambo moja, kutoa ni jingine.

Karatasi niliyoisoma usiku kucha ni ile ya ofisi ya fedha. Kuna ruzuku kwa ajili ya maksi zake, kuna ruzuku kwa kuwa kipato chetu ni kidogo, halafu chini kabisa, kwenye safu ileile ya “msaada”, wameweka mkopo! Nikaukata kwa kalamu nyekundu, nikajumlisha upya. Kilichobaki tunakimudu, kwa shida kidogo. Akiumia kiwiko, au kocha akimwacha benchi, ruzuku hizo haziguswi, ilimradi anafaulu. Ndiyo maana nilikubali.

Kwa hiyo shangazi zako huko Mombasa wasitangaze kwamba kapata skolashipu ya mpira. Na ukitaka kumchangia, glavu anayo. Kompyuta yake ndiyo imepasuka kioo.

Baba yako