Kabla Hujaiaga Kompyuta ya Zamani

Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, nimekuwa nikiitwa mara kwa mara na jamaa na majirani hapa Nakuru ambao wamenunua kompyuta nyingine na hawajui waanzie wapi. Nimehamisha faili za shangazi yangu anayefundisha Njoro, za majirani wa Section 58, na za chama chetu ambacho mimi ndiye mweka hazina. Kutokana na hayo yote nina jambo moja ninalolisisitiza: kazi ya kuhamisha faili ifanye mwenyewe, nyumbani, kompyuta zote mbili zikiwa mezani mbele yako. Dukani wakikuambia, "Tuachie hiyo ya zamani, tutakutolea kila kitu," kataa kwa adabu. Mafundi wetu wengi ni waaminifu na kazi wanaijua. Wasichokijua ni kwamba folda isiyo na jina, iliyojificha ndani ya folda nyingine ya mwaka 2016, ndiyo yenye makubaliano ya kuuziana shamba. Hilo unalijua wewe.

Kwenye ununuzi sitakaa sana. Wengi wetu tunachukua mashine zilizotumika ng'ambo, zile tunazoziita ex-UK, na si vibaya. Ila kabla ya kulipa, tazama namba ya prosesa. Kwa Intel Core i3, i5 na i7, Windows 11 inataka kizazi cha 8 kwenda juu, na kizazi unakisoma mwanzoni mwa namba inayofuata kistari: i5-8250U ni ya kizazi cha 8, i5-6300U ni ya 6. HP EliteBook 840 G3, kwa mfano, ni mashine nzuri ya kizazi cha 6. Muuzaji anaweza kuiwekea Windows 11 kwa njia za kuzunguka na ikawaka vizuri tu mbele yako, lakini Microsoft haikuahidi kuipa masasisho. Bonyeza pia kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, uone kama TPM, chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaitaka, imeandikwa toleo 2.0. Mwisho, hakikisha ina SSD, yaani diski isiyo na sehemu inayozunguka. Diski ya kuzunguka itakuchosha roho.

Ukifika nyumbani usikimbilie kuchomeka flashi. Iache kompyuta mpya ipakue masasisho yake yote, hata ikila jioni nzima, kisha fungua Windows Security uone kama iko macho. Kwa matumizi ya nyumbani hiyo inatosha, na programu ya majaribio ya kuzuia virusi iliyokuja na mashine unaweza kuiondoa. Flashi zetu zimepita saiba nyingi, na kile kirusi kinachoficha folda zako na kukuachia vijisanduku vyenye mshale bado kinazunguka. Ukikutana nacho, usibofye mshale wowote na usifute kitu. Kwanza kagua flashi kwa Windows Security. Baada ya hapo fungua dirisha la amri (Command Prompt) uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukiweka herufi ya flashi yako badala ya E. Mara nyingi folda zinarudi zote, maana zilikuwa zimefichwa tu.

Kuna mambo mawili ya Windows 11 ambayo watu huyapita bila kuyaona. La kwanza, ukiingia kwa akaunti ya Microsoft, kompyuta nyingi sasa huifunga diski kwa usimbaji zenyewe. Ni ulinzi mzuri mashine ikiibwa. Lakini siku itakapokataa kuwaka, diski hiyo haisomeki bila ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo umehifadhiwa kwenye akaunti yako. Uchukue siku ya kwanza, uuandike kwenye karatasi, uuweke pamoja na vyeti vya nyumbani. La pili ni OneDrive, ambayo inaweza kuzivuta folda zako za nyaraka na picha zipande mtandaoni. Nafasi ya bure ni GB 5. Ukimwaga humo picha za miaka kumi, itajaa mara moja, na huku bando linakatika. Mimi huisimamisha hadi uhamisho umalizike.

Sasa kazi yenyewe. Kabla ya kunakili chochote, kaa mbele ya kompyuta ya zamani na kwa kila kundi la faili ujiulize: hiki kikipotea leo, kuna mahali pengine kinapopatikana? Cheti cha PIN ya KRA, mamlaka ya kodi, unaweza kukichapisha upya kutoka tovuti yake ya iTax. Programu unaweza kupakua tena. Filamu, hali kadhalika. Lakini rekodi za sauti za nyanya akisimulia walivyohamia Bonde la Ufa, picha za kamera za kabla simu hazijawa na kamera nzuri, daftari la chama lililoanza kwenye Excel miaka hiyo, mitihani aliyoitunga shangazi kwa mkono wake, hivyo haviko kwingine. Shangazi aliniuliza, "Kwani picha haziko kwa simu, mwanangu?" Nikamjibu, "Shangazi, za simu hii ziko. Za zile zilizoharibika ziko humu peke yake." Alinyamaza kidogo, kisha akavuta kiti tukaanza kuzipitia moja moja. Kulikuwa na picha za mazishi ya babu ambazo hakuna mtu mwingine katika ukoo aliyekuwa nazo.

Vitu hivi vya kipekee ndivyo vya kuhamishwa kwanza, kabla ya kingine chochote, wakati kompyuta ya zamani bado ina nguvu na wewe bado una subira.

Nataka nitaje taarifa za M-Pesa, kwa kuwa watu wa chama na wa biashara ndogo huzihifadhi kama ushahidi. PDF ya taarifa hizo huja barua pepe ikiwa imefungwa, na namba ya kuifungua huja kwa SMS. Ukihamisha faili na SMS ilishafutwa, umehamisha mlango bila ufunguo. Zifungue sasa, kwenye kompyuta ya zamani, zile ambazo namba zake bado unazo. Kisha zichapishe upya kama PDF isiyofungwa. Ambazo namba zimepotea, omba taarifa mpya ya kipindi hicho mapema.

Pa kutafuta ni pengi kuliko watu wanavyodhani. Usiishie kwenye Documents. Angalia Downloads, ambayo kwa familia nyingi ndiyo kabati halisi la nyumba. Angalia eneo-kazi, diski D kama ipo, pipa la taka, na akaunti za watumiaji wengine, maana mtoto aliyeenda chuo aliacha yake humo. Ukitumia Outlook, tafuta faili zinazoishia na .pst. Ukitumia Thunderbird, barua zako ziko ndani ya AppData, folda ambayo Windows huificha. Mimi huandika *.xlsx (za Excel) kwenye sehemu ya kutafutia, kisha *.docx (za Word), kisha *.m4a (za sauti), nione zinachipuka wapi. Faili yenye alama ya wingu kando yake haiko ndani ya kompyuta hata kidogo. Iko mtandaoni, na ni lazima uipakue kwanza.

Nywila zilizo kwenye Chrome zitakufuata ukiingia kwa akaunti ileile ya Google iliyokuwa ikizihifadhi. Programu hazihamishwi kwa kunakili folda. Ziorodheshe, uzipakie upya, na leseni zake uziandike mapema.

Njia ya kuhamishia? Diski ya nje na waya. Wapo watakaokuambia tumia wingu, na kwa nyaraka chache ni sawa. Lakini piga hesabu: GB 100 kwa kasi ya kupandisha ya Mbps 10 ni zaidi ya saa 22 bila kukatika, kisha bado uzishushe upande wa pili. Diski ya nje ya kawaida kwenye tundu la USB 3.0, ambalo mara nyingi lina rangi ya bluu ndani, inabeba mzigo huohuo kwa nusu saa hivi, pengine zaidi kama faili ni nyingi na ndogo ndogo. Kwenye tundu la zamani la USB 2.0 hesabu saa moja hadi mbili, ukapike chai.

Diski hiyo inunue dukani, yenye risiti. Flashi za bei ya kutupa zinazojiita TB 2 ni hatari kubwa kuliko kutokuwa na flashi kabisa. Nyingi zimedanganywa zionyeshe ukubwa usiokuwepo. Zinapokea faili zako zote bila kulalamika, na siku ya kuzifungua unakuta nyingi ni maganda matupu. Programu ya bure ya H2testw huijaza flashi hadi mwisho kisha kuisoma tena. Ifanyie hivyo kabla ya kuikabidhi picha ya harusi yako. Na kama diski ni mpya na tupu, iumbize (format) kwa mfumo wa exFAT. FAT32 haipokei faili moja inayozidi GB 4, na video ya harusi hufika hapo kwa urahisi.

Wakati wa kunakili, nakili. Usihamishe kwa kukata na kubandika, maana stima ikipotea katikati hutajua kipi kiko wapi. Hapa kwetu, mvua ya Aprili ikianza na ngurumo za alasiri, mimi sianzi kazi hii kabisa bila betri yenye chaji au UPS, kile kisanduku cha betri ya akiba. Kwa mzigo mkubwa natumia amri ya robocopy iliyomo ndani ya Windows. Iandike kwenye dirisha la amri, ukiweka jina lako la mtumiaji badala ya "jina" na herufi ya diski ya nje badala ya E:

robocopy C:\Users\jina\Documents E:\Nyaraka /E /R:1 /W:1

Uzuri wake ni kwamba ikikatizwa, unaiandika tena na inaruka zile ilizokwisha kunakili. Hayo maneno mawili ya mwisho usiyaache. Bila hayo, ikikutana na faili moja mbovu itairudia hadi mara milioni moja, ikingoja sekunde 30 kila mara.

Ukimaliza, linganisha. Bofya folda kwa kitufe cha kulia pande zote mbili, chagua Properties, uone idadi ya faili na ukubwa. Kisha zifungue: picha za zamani kabisa, video ndefu upeleke mshale hadi mwisho wake, daftari la Excel ukague jumla. Faili ambayo hujaifungua kwenye kompyuta mpya usiihesabu kuwa imefika.

Kama ile ya zamani haiwaki, faili kwa kawaida ziko salama ndani ya diski. Fundi akutolee diski ukiwa hapo hapo, ununue waya wa kugeuza SATA, tundu la diski hizo, kuwa USB, uichomeke kwenye kompyuta mpya. SSD ndogo bapa za M.2 zinataka kasha la aina yake, kwa hiyo nenda nayo dukani mkononi. Diski ikigonga tik-tik, izime mara moja. Kila dakika inayozunguka inajikwaruza zaidi, na hapo ndipo ninapokubali kwamba kazi ni ya mtaalamu.

Usiiuze ya zamani wala kumpa mtu upesi. Faili iliyosahaulika hukumbukwa siku inapohitajika, na mahitaji mengine huja mara moja kwa mwaka. Ikiwezekana, ikae kabatini hadi upitishe tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za KRA. Shangazi alikuja kutafuta P9, fomu ya mshahara na kodi, ya mwaka uliopita akaikuta kwenye eneo-kazi la akaunti ya mwanawe.

Ukiwa tayari kuitoa, kufuta faili kwa mkono hakutoshi, kwa kuwa zinaweza kurudishwa. Ingia kwenye mipangilio, chagua kuirejesha kompyuta ilivyokuwa, ondoa kila kitu, na uwashe chaguo la kusafisha data. Huchukua saa kadhaa kwenye diski ya kuzunguka, kwa hiyo ianze asubuhi ikiwa kwenye chaja. Njia ninayoipenda zaidi ni kutoa diski, kuuza mashine bila hiyo, na kuibandika karatasi yenye tarehe na orodha ya yaliyomo. Diski ya chama iko kwa mwenyekiti wetu Lanet, nyumba tofauti na kompyuta yenyewe, na kila tunapofunga hesabu za mwaka tunaichomeka, tunafungua faili chache, tunaongeza za mwaka huo.