Muulize Mwalimu: China na Japani zinagombania nini?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nauza vipuri vya magari hapa Tanga, vingine vya Japani, vingine vya China. Redioni nasikia nchi hizi zinazidi kukorofishana. Hivyo visiwa wanavyogombania vina nini, hata watu wanaofanya biashara pamoja wasielewane?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Wajapani huviita Senkaku, Wachina Diaoyu. Haishi mtu huko. Kuna samaki, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 husemwa huenda kuna mafuta. Lakini Japani ilivitwaa 1895, katika vita iliyoishinda China, na hapo ndipo penye kidonda. Mchina akitajiwa visiwa hivi hawazi samaki, anawaza Nanjing ya 1937, mji ambako jeshi la Japani liliua Wachina kwa halaiki.

Nilikuwa nasoma Xi'an, mji wa China, Septemba 2012, serikali ya Japani iliponunua visiwa vitatu kutoka kwa mmiliki binafsi kwa yeni bilioni 2.05. Ilitaka kumwahi gavana wa Tokyo, Ishihara, mwenye msimamo mkali zaidi, aliyetaka kuvinunua yeye. Sawa, lakini kwa nini ununue wiki moja kabla ya 18 Septemba, siku Wachina wanapokumbuka uvamizi wa Japani wa 1931? Hilo sijaacha kulilaumu.

Jumamosi ya tarehe 15 waandamanaji walivunja magari ya Kijapani barabarani. Mengi yalikuwa yameundwa humo humo China, na wenye magari walikuwa Wachina wenzao. Mama mwenye nyumba niliyopanga alikuwa na Toyota aliyoidundulizia miaka. Alibandika bendera kioo cha nyuma na karatasi aliyoiandika kwa mkono: gari la Kijapani, moyo wa Kichina. Usiku ule tulikesha naye dirishani, taa tumezima, kila kelele ikimshtua.

Safari hii kilichowasha moto ni Taiwan, kisiwa kinachojitawala ambacho China inadai ni chake. Novemba 2025 Waziri Mkuu wa Japani, Takaichi, aliliambia bunge kwamba China ikiishambulia Taiwan, huenda uhai wa Japani yenyewe ukawa hatarini, maana yake jeshi lake linaweza kuingia. Beijing ikawataka raia wake wasisafiri kwenda Japani. Anayeumia kwanza hapo ni mwenye hoteli Osaka na mwongoza watalii wa Kichina, si waliotoa kauli.

Mama yule bado tunaandikiana. Nilipomuuliza juzi kuhusu Takaichi, alinijibu kwamba gari sasa analiegesha uani.